Mama hayumo kwenye fomu

Nimefika juzi Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, baada ya miaka sita Louisville, Kentucky, Marekani. Chai hata haijapoa, jirani ameshauliza: "Huko matibabu ni bure, sivyo?"

Ni bure mpaka uanze kushika pesa, nikamjibu.

Hapa Uganda ada zilifutwa kwenye vituo vya afya vya serikali mwaka 2001. Unapanga foleni, hakuna anayekuuliza mshahara. Dawa zikiwa zimeisha unapewa karatasi ukanunue dukani. Kule kadi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni mahesabu: mko wangapi nyumbani, mnaingiza kiasi gani kabla ya kodi. Niliingia kama mkimbizi, kwa hiyo sikungoja ile miaka mitano wanayongoja wengi wenye grinikadi. Kentucky kikomo cha mtu mzima ni asilimia 138 ya kile wanachokiita mstari wa umaskini. Kwa watu wanne kama sisi, mwaka 2025 kilikuwa kama dola 3,697 kwa mwezi. Msianze kuzigeuza kuwa shilingi, jamani. Pango linameza sehemu kubwa. Na afadhali sisi. Texas, mtu mzima mwenye afya asiye na mtoto hapati kadi hata asipoingiza senti.

Kisha ghala ninalofanyia kazi likaleta ovataimu. Nikaichukua yote, maana bati za nyumba ya mama zilikuwa zinavuja. Barua ikaja: mimi na mke wangu tumetolewa. Watoto wamebaki, kikomo chao kiko juu zaidi. Sasa tuna bima ya kulipia, yenye ruzuku, na bado daktari tunamwongezea kutoka mfukoni.

Nikapiga simu kujitetea. Nina mama, namtumia dola 150 kila mwezi, tuko watano. Karani akauliza mama anaishi wapi. Uganda. Basi hahesabiki. Wanafuata majina unayoyaandika kwenye fomu ya kodi ya mapato, na mzazi anayeishi Uganda haandikiki humo.

Mama alikuwa anamenya ndizi, anasikiliza.

"Kwa hiyo kwenye hesabu yao mimi simo?"

"Humo, mama."

"Na zile pesa unazonitumia?"

"Zimo. Wanazihesabu kama bado ziko mfukoni mwangu."

Akacheka hadi kisu kikamponyoka, akaniambia nimsogezee sufuria.