Kufuatilia bei za vitabu pepe nikiwa Dodoma: kumbukumbu ya mwezi wa nne wa mradi

Mradi huu niliuanza kwa ajili ya shamba langu dogo la zabibu huko Hombolo. Vitabu vinavyoeleza kilimo cha mizabibu kwa kina ni adimu katika maduka yetu ya mjini, na vile vya kielektroniki huuzwa kwa dola. Kitabu kimoja cha upogoaji, yaani ukataji wa matawi ya mizabibu, kilikuwa dola 24.99, yaani kama shilingi 62,500 kwa kiwango cha shilingi 2,500 ninachokitumia katika hesabu zangu zote. Nikachukua kaunta buku, nikaorodhesha vitabu kumi na viwili, kila kimoja na ukurasa wake, na mbele ya kila jina nikaandika bei ya ukomo ambayo sitaivuka hata kitabu kikinivutia namna gani.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nafungua kurasa za duka kila jioni na kunakili bei kwa mkono, kazi iliyonila muda na bando. Baadaye nikajisajili kwenye eReaderIQ, tovuti inayofuatilia bei za vitabu vya Kindle, yaani vitabu pepe vya duka la mtandaoni la Amazon, na kukutumia barua pepe bei inaposhuka hadi kiwango ulichokitaja. Kaunta buku sikuiacha, kwa sababu historia ya bei ikiwa mbele ya macho yangu ndipo ninapoweza kupambanua punguzo la kweli na bei ya kawaida iliyopambwa.

Kilichonigharimu zaidi ni kutojua habari ya saa. Kitabu cha magonjwa ya mizabibu nilikiona jioni kikiuzwa dola 2.99, nikasema nitakilipia kesho nikishaweka fedha kwenye kadi ya mtandaoni. Kesho yake saa sita mchana bei ilikuwa imerudi dola 17.99. Nilipochunguza nikabaini kwamba ofa za siku moja hubadilika saa sita usiku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, wakati ambao hapa kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano katika miezi ambayo wao wamerudisha saa zao nyuma. Tangu hapo kadi yangu haikosi fedha za kitabu kimoja, na barua pepe ya punguzo naijibu siku hiyohiyo.

Jambo la pili ni mipaka ya nchi. Katika duka jingine nilivutiwa na bei ya dola 1.99, lakini nilipofika hatua ya malipo ikawa 8.99, kwa kuwa punguzo lile liliwahusu wateja wa Uingereza tu. Haki za kuuza kitabu hugawanywa kwa maeneo, na mchapishaji anaweza kushusha bei katika eneo moja na kuiacha ilivyo kwingine. Sasa naandika tu bei ninayoiona nikiwa nimeingia kwa akaunti yangu ya Tanzania.

Vitabu vya waandishi wanaojichapishia nimeviondoa katika ufuatiliaji wa kila siku. Amazon humpa mwandishi wa namna hiyo hadi asilimia 70 ya mauzo bei ikiwa kati ya dola 2.99 na 9.99, na chini ya hapo humpa asilimia 35, kwa hiyo wengi hukaa humohumo na kungoja hakuleti tofauti kubwa.

Hadi leo nimenunua vitabu vinne. Kile cha upogoaji kilishuka hadi dola 8.49 katika wiki ya kumi na moja, nami nilikuwa nimekiwekea ukomo wa dola 10. Ni kama shilingi 21,200, na sura yake ya kuchagua macho (sehemu zinapochipukia) ya kubakiza kwenye tawi nimeshaisoma mara tatu nikiwa shambani. Kitabu cha umwagiliaji wa matone bado kimeganda kwenye dola 31. Ukomo wake ni dola 12, na sijaubadilisha.