Natazama namba ya usiku: siku moja ya mzibua kalvati

Saa 11 alfajiri

Kabla sijanawa uso nafungua simu kuona hali ya hewa. Wiki hii huku kusini mwa Manitoba, Kanada, habari ni moja: Jumamosi tutafika nyuzi 11. Kazini, kanisani, kwenye foleni ya duka, ni hiyo 11 tu. Nawaelewa. Ukivaa koti zito tangu Novemba mpaka mwisho wa Machi, hata wewe utaimba.

Mimi 11 naipita. Natafuta namba ndogo iliyo chini yake, ya usiku. Leo usiku hasi 3. Kesho usiku hasi 1. Jumamosi usiku ni 2, haina hasi mbele yake, na Jumapili wameweka mvua.

Kwa watu wa kazi yangu, hiyo 2 ndiyo habari yenyewe. Mchana ukiwa na joto na usiku ukaganda, theluji huyeyuka kwa kipimo. Yanakuja maji ya saa chache, kisha bomba linafungwa hadi kesho yake, na mifereji inapata muda wa kumeza. Usiku usipoganda, ni bomba lililoachwa wazi na wenye nyumba wamelala.

Saa 12 na nusu asubuhi

Yadi bado ina giza. Kazi yangu ni kuzibua kalvati zilizoganda, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Nilipomweleza mjomba wangu kule Garsen, Kenya, alicheka mpaka akakohoa: "Yaani umevuka bahari ukachemshie barabara chai?" Ndivyo, mjomba. Tuna lori lenye tangi la maji na boila ya dizeli. Mvuke unatoka kwenye boila, unapita kwenye mpira mrefu hadi kwenye bomba la chuma lenye tundu nchani. Hilo bomba ndilo mkuki wetu.

Mwenzangu ni kijana wa Bukavu, Kongo. Ananiita "yaya", kwao ni heshima kwa ndugu mkubwa. Wiki ya kwanza nilikuwa najikunja kila akiniita, maana kwetu Kenya yaya ni dada anayelea watoto wa watu. Siku hizi naitika. Tena ukiona ninavyoibembeleza boila asubuhi ya baridi, utasema jina limenifaa.

Saa 2 asubuhi

Kalvati ya kwanza hatuioni. Mtaro umejaa theluji hadi usawa wa barabara, na kinachotuonyesha mahali ni kijiti kilichochomekwa kabla ya baridi. Mashine inachimba, tunamalizia kwa sepetu, na hatimaye mdomo wa bomba unatokea, barafu ya kijivu imeujaza kama nta.

Hapa kuna sheria moja, na aliyenifundisha kazi aliirudia mpaka nikaiota: anzia chini, maji yanakoelekea. Ukizibua ya juu kwanza, umemtoa huyu mafuriko ukampelekea jirani yake, na jirani ana namba ya simu ya bosi.

Watu hudhani tunayeyusha barafu yote. Hatuwezi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu ambayo tayari iko kwenye sifuri kunakula karibu joto lile lile la kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Themanini! Hapo unakaribia kutia majani ya chai. Dizeli ya wilaya nzima isingetosha. Tunachofanya ni kusukuma mkuki polepole, kuzungusha, kurudisha, kusukuma tena, mpaka tundu la unene wa mkono lipenye upande wa pili. Likishapenya tunaondoka. Maji yakipata njia yanaipanua yenyewe.

Hesabu hiyo hiyo ya 80 ndiyo inayowafanya wageni waudharau utabiri. Wanaona jua siku mbili, theluji ipo pale pale, wanasema ah, haina neno. Kumbe inakula joto kimya kimya. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Ya sasa imeshakuwa chembe kubwa kama chumvi ya mawe, imelowa, imechafuka kwa vumbi la mashamba. Hii hairudishi kama mwanzo. Ikifika yote kwenye sifuri, kutoka juu hadi inapogusa udongo, kila joto linaloongezeka ni maji.

Saa moja na dakika kadhaa baadaye bomba likakoroma. Kisha kimya. Kisha maji ya kahawia yakaruka kwenye gambuti zangu.

"Yaya, mayi iko nakuya!"

Yamekuja kweli.

Saa 4 asubuhi

Ya pili, ya tatu. Sina la kusimulia ila mgongo.

Saa 6 mchana

Kwetu ni saa 2 usiku, Mama amemaliza kula. Nampigia nikiwa ndani ya lori, mkate mkononi.

"Mwanangu, theluji imeisha?"

"Bado, Mama. Ila inaanza kuondoka."

"Inaondoka kwenda wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo na mtu wa hapa. Mama ni mtu wa Mto Tana. Anajua mafuriko yanayokuja chini ya jua kali, pasipo wingu, kwa sababu mvua imenyesha Aberdare na Mlima Kenya na mabwawa ya juu yamejaa. Kwetu mtu akitaka kujua kesho ya mto hatazami juu, anauliza habari za bara.

Nikamwambia mto wa huku ni vivyo hivyo, ila una vituko. Mto Red unatoka kusini, Marekani, unapita katikati ya North Dakota na Minnesota, unaingia Kanada na kumwaga maji Ziwa Winnipeg. Unakwenda kaskazini, yaani unatoka kwenye joto kwenda kwenye baridi. Theluji ya juu ya mto inaanza kuyeyuka huku chini barafu bado imefunga. Maji yanafika yanakuta mlango umekomewa. Ndiyo maana karibu na Selkirk kuna mashine, zinaitwa Amphibex, zinazopanda juu ya barafu ya mto na kuivunja mapema.

"Na nchi yenyewe ni tambarare?"

Mama, nchi hii ni sinia. Ilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la enzi za barafu, Agassiz. Barabara zimechorwa mraba, maili kwa maili, na mto ukipanda futi chache hauna ukingo wa kuukatalia, unatandaza tu. Chini ni mfinyanzi mzito, ule ule unaong'ang'ania kiatu kama udongo mweusi wa mbugani. Ukiwa umelowa kwa mvua za vuli kisha ukaganda, maji hayaingii. Yanatembea juu yake kama juu ya saruji.

"Basi zibua haraka," akasema, akakata. Salio lake, nadhani.

Saa 8 mchana

Nyuzi 6, na mfereji wa kusini umeanza kusema. Mzee mmoja mkulima ametusimamisha na pikapu katikati ya barabara, anataka kalvati yake ifunguliwe leo. Kwenye orodha yeye ni wa kesho, kwa sababu yuko juu. Nikamweleza kwa upole, nikijua anaijua sheria hiyo kabla sijazaliwa.

Hakugomba. Alinionyesha magharibi, kwenye mashamba meupe hadi mwisho wa macho, akanikumbusha kijiji cha Ste. Agathe mwaka 1997. Watu walikuwa wanaulinda upande wa mto, ulio mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yakaingia kwa nyuma, yamekatiza mashambani. Akauliza kama naelewa kwa nini mtaro wa shamba unamnyima usingizi. Nikasema naelewa. Tulimsogeza hadi saa 1 kesho asubuhi. Bosi akiuliza, nitajibu mimi.

Kabla ya kuondoka nilikata theluji ya shambani kwake kwa kopo, nikaiyeyusha kwa mvuke. Ni mazoea yangu, hakuna anayenilipa. Theluji iliyoanguka jana, sentimeta 10 zake hutoa kama sentimeta 1 ya maji. Hii iliyojilaza tangu Desemba ikajaza karibu theluthi ya kopo. Ukiitazama shambani unaona theluji imepungua. Imeshuka kimo, maji yake bado yamo.

Saa 9 na robo

Nimetumbukia. Theluji ya mtaroni ilionekana ngumu, nikapiga hatua, chini yake kulikuwa na maji hadi juu ya goti. Mwenyewe huwa naonya watu kuhusu jambo hili hili. Kijana wa Bukavu alinivuta kwa mpira wa mvuke, akacheka baada ya kuhakikisha niko mzima. Adabu anayo.

Saa 12 jioni

Nyumbani, miguu kwenye beseni. Nasoma tena utabiri wa mafuriko wa mkoa. Hutolewa kuanzia Februari, nao hautoi namba moja. Unasema: hali ya hewa ikiwa nzuri, mto utafika hapa. Ikiwa ya kawaida, pale. Ikiwa mbaya, kule. Jamaa zangu husema huo ni ujanja wa mganga, akikosa huku amepata kule. Mimi naona ni uungwana. Nusu ya mafuriko bado haijanyesha, mtabiri ataijuaje?

Namba moja iliwaponza watu wa Grand Forks, kusini mwa mpaka, mwaka huo huo wa 1997. Waliambiwa futi 49, wakajenga kwa hesabu ya futi 49 na ziada kidogo. Mto ukapita futi 54. Baridi ile walikuwa wamepata theluji nyingi kupita kiasi, na mwanzoni mwa Aprili ikaja tufani nyingine ya theluji juu ya iliyokuwepo. Winnipeg iliokolewa na mfereji wa kilomita 47 uliochimbwa miaka ya sitini kuyazungusha maji nje ya mji. Wakati unachimbwa watu waliucheka, wakauita mtaro wa Duff, jina la waziri mkuu wa mkoa aliyeushupalia.

Saa 4 usiku

Utabiri ulisema hasi 3. Kipimajoto cha dirishani kinasoma 1. Haki ya utabiri, baridi kali huja kukaribia alfajiri, bado ana muda wa kutimiza neno lake. Lakini nimetoka kwenye baraza kutafuta nyota na sikuona hata moja. Wingu limefunika. Usiku wenye blanketi hauna haraka ya kuganda, na kwenye ukingo wa paa matone yanaendelea, moja, moja, moja.

Nimemtumia kijana ujumbe: tukutane yadi saa 10 na nusu alfajiri, tuanze kwa yule mzee. Amejibu, "Sawa yaya."

Gambuti nimeziegemeza kwenye hita. Ya kushoto bado ina maji ndani.