Siku moja maishani mwangu: boti zikilala Dunga

Saa 12 asubuhi niko tayari Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria huko Kisumu, na salamu ya kwanza ni ile ile ya kila Juni: "Fundi, boti zote ziko juu, unalinda nini?"

Omena, yaani dagaa wa ziwa hili, haivuliwi kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, ili ipate kuzaana. Kwa miezi hiyo minne boti za mbao zinapandishwa nchi kavu, wenyewe wanakwenda shambani au mjini, na mimi nabaki nazo. Mwaka huu ninatunza 9, pamoja na injini 5 zilizo ndani ya stoo.

Kabla ya chai ninazizunguka zote na kupapasa mbao kwa kiganja. Mvua za masika zilipokuwa nyingi nilikuwa nachota maji asubuhi na jioni, maana boti ikijaa juu ya magogo mbavu zake hulemewa. Sasa jua ndilo linalonitesa. Mbao zikikauka zinasinyaa, viungo vinaachana, pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, inalegea, na siku ya kurudi ziwani maji yanaingia kama kwenye kikapu. Kwa hiyo nalowesha magunia na kuyatandika ndani, kisha naliinua turubai kwa miti ili hewa ipite. Ninachungulia pia chini ya magogo. Mchwa wakishajenga njia ya udongo hadi kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, wiki mbili zinatosha kuula.

Saa 3 chai na mandazi. Baadaye kalafati kwenye boti moja hadi saa 5, patasi na nyundo, pamba inchi kwa inchi.

Hapo ndipo akafika mwenye injini moja ya nguvu za farasi 15, akiwa na mnunuzi. Mwezi wa Machi nilimsihi mzee huyu: tumwage petroli ya tangi, tuiwashe mpaka kabureta ikauke, tubadilishe oili ya gia. Akasema injini isiyotumika haina gharama. Leo anataka iwake mbele ya mgeni, tena ikiwa juu ya stendi yake stoo, bila maji!

Nikamshika mkono asivute kamba. Injini hii hupozwa na maji yanayosukumwa na impela ya mpira. Ikizunguka kavu, mpira unaungua. "Wewe ni mlinzi tu," akaniambia. Nilimeza mate, nikachukua mitungi, nikaenda ziwani. Safari 5, mitungi miwili kila safari, mpaka ikajaa dramu tunayozamishia mguu wa injini.

Tukavuta kamba. Kimya. Tukavuta tena na tena hadi bega likaanza kuwaka. Nilipofungua kabureta nikakuta kile nilichokihofia: petroli ilikuwa imegeuka mvuke na kupotea hewani, ikabaki ile oili iliyochanganywa nayo, nzito na yenye kunata kama asali, imeziba vitundu vyote. Nikaosha kwa petroli mpya, nikapitisha uzi mmoja mwembamba wa waya kwenye kila kitundu, nikasafisha plagi. Jua la utosi, mzee anahesabu dakika kwa sauti. Ikawaka mara ya nne. Akatabasamu, akaanza kutaja bei.

Lakini nilikuwa nimeshafungua skrubu ya gia kutazama oili, na iliyotoka ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Nilipochomoa propela nikaona uzi wa nyavu umejisokota kwenye shafti na kukata oilsili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Mzee akanivuta kando: "Weka oili mpya, nyamaza, nitakukumbuka."

Mnunuzi alikuwa kijana, nadhani hii ndiyo injini yake ya kwanza. Akanijia mwenyewe: "Omera," yaani ndugu kwa Kijaluo, "iko sawa?" Mtu huvua omena usiku, mbali na nchi kavu. Gia ikimfia huko, nani atamvuta? Nikamwonyesha oili kiganjani mwangu, nikamweleza oilsili na uzi. Bei ikashuka, mzee akakasirika, akaondoka bila kunilipa hata ya mitungi. Yule kijana alibaki kidogo, akanisaidia kuirudisha injini stoo, ikasimama wima ili maji yote yashuke.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Najua tu kivuli kilikuwa kimeshavuka boti ya tatu, na mikono ilinuka petroli hata baada ya sabuni mara mbili.

Dramu haiwezi kulala imejaa, mbu watazaliana humo, na maji yake yana mafuta, kwa hiyo siyarudishi ziwani kamwe. Niliyabeba ndoo kwa ndoo hadi juu, mbali na ufuo, nikiwa sina mgongo tena. Kisha nikachukua ndoo safi, kwa sababu magunia ya boti zote 9 yalikuwa yamekauka, na boti ya mwisho ilikuwa bado na joto la mchana nilipoigusa.