Mchezo wa sidii wa 1998 umekubali kwenye kompyuta mpya

Alhamdulillahi, jana usiku umefunguka. Naandika kabla sijasahau hatua, maana najua wako wenzangu Unguja na Pemba wenye sidii zao kabatini.

Sidii ilisomeka vizuri, lakini kila nikibofya Setup, yaani kisakinishi cha kuuweka mchezo kwenye kompyuta, Windows 10 inajibu kuwa programu haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nikajaribu hali ya kuiga Windows 98, nikaifuta sidii kwa kitambaa. Wapi!

Sababu niliijua baadaye: mchezo wenyewe ni wa biti 32, ila kisakinishi chake ni cha biti 16, aina ya zamani zaidi, na Windows ya biti 64 kama yangu haiendeshi kabisa programu za biti 16. Basi nikapanda daladala kutoka Wete hadi kwa ami, Chake Chake, mwenye kompyuta ya zamani ya Windows XP, biti 32. Nikausakinisha pale, nikanakili folda nzima kwenye flashi, nikaja kuiweka kwangu kwenye diski C, nje ya Program Files, folda ya kawaida ya programu.

Ukafunguka, kisha ukadai sidii, nayo imo ndani! Hapa ndipo nilipokaa siku mbili. Ndani ya folda mna faili dogo la mipangilio linaloishia na .ini. Nilipolifungua kwa Notepad nikaona mstari umeandikwa D:\, herufi ya kisomeo cha sidii cha ami. Changu ni F. Nikabadilisha herufi hiyo moja tu, nikahifadhi.

Muziki wa mwanzo ukalia, na mdogo wangu akatoka chumbani mbio. Ameujua.