Nyuso zilizopauka pichani, na namna ya kuzirudishia rangi yake

Malalamiko ninayoyasikia kuliko mengine yote katika kazi yangu ya kupiga picha za watu hapa Bagamoyo ni kwamba uso umepauka. Bibi harusi mwenye rangi ya maji ya kunde anajiona pichani akiwa na paji la uso jeupe pepepe, mashavu ya kijivu, na shingo ambayo ungedhani ni ya mtu mwingine. Wapiga picha wengi wakikutana na picha ya namna hiyo hukimbilia kuongeza ukolevu wa rangi, na matokeo yake ni uso wa manjano kama uliopakwa bizari. Ninaamini kwamba wanaanzia mwisho. Mara nyingi ngozi iliyopauka haikupungukiwa rangi bali imezidiwa mwanga, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kushusha mwanga, ya pili ni kusawazisha rangi ya mwanga wenyewe, na rangi ya ngozi huguswa baada ya hayo yote, tena kwa mkono mwepesi.

Kosa huanzia kwenye kamera. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kwa dhana kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele ya lenzi utapata kijivu cha wastani, kile ambacho vitabu vya fani hii hukitaja kuwa kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Msimamishe mtu mweusi aliyevaa buibui mbele ya mojawapo ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, ambayo mbao zake zimefifia na kuwa nyeusi kwa umri, na kamera itaona giza tupu, itaongeza mwanga kupita kiasi, na uso utapauka. Msimamishe mtu huyohuyo ufukweni juu ya mchanga, au kando ya ukuta uliopakwa chokaa, na kamera itapunguza mwanga mpaka uso uingie gizani. Kisha mpiga picha huunyanyua kwenye kompyuta, nao hupanda ukiwa na chengachenga na rangi ya majivu. Njia mbili zinazopingana zinakufikisha kwenye mpauko uleule. Mbele ya mlango mweusi mimi hupunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu). Mchangani huongeza kwa kiasi kama hicho, na pakiwa na nafasi napima mwanga kwenye shavu lenyewe badala ya fremu yote.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima lieleweke kabla ya kugusa programu yoyote. Picha ya kidijitali hujengwa kwa chaneli tatu, yaani tabaka za nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikipimwa kuanzia 0 hadi 255. Katika ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, chaneli ya nyekundu huwa juu kuliko ya kijani, na ya kijani juu kuliko ya buluu. Mwanga ukizidi, nyekundu ndiyo hufika kwanza kwenye kikomo cha 255 na kubaki pale, huku kijani na buluu zikiendelea kupanda nyuma yake. Tofauti baina ya chaneli hizo ndiyo rangi yenyewe, hivyo kadiri tofauti inavyopungua ndivyo ngozi inavyogeuka kwanza manjano hafifu, kisha nyeupe. Ndiyo maana nasisitiza kuangalia histogramu (mchoro unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika pichani) ya chaneli zote tatu kwenye kamera, na si ile moja ya jumla, ambayo inaweza kuonekana salama wakati nyekundu imeshagonga ukuta.

Mng'ao wa jasho na mafuta ni habari tofauti kidogo. Mwanga unaorudishwa na mafuta juu ya ngozi hubeba rangi ya taa au ya jua, haubebi rangi ya ngozi, na kwa hiyo doa la mng'ao kwenye paji la uso haliwezi kurekebishwa kwa kuongeza wekundu. Dawa yake ni leso, na chanzo cha mwanga kilicho kikubwa na laini: dirisha lenye pazia jepesi, au ukuta wa chokaa unaorudisha jua kutoka upande wa pili wa barabara. Poda nayo ina shida yake. Baadhi ya poda za kumalizia zina silika, na baadhi ya vipodozi vya kukinga jua vina titani dioksaidi. Kwa macho havionekani, lakini fleshi inayopigwa moja kwa moja hurudishwa navyo na uso ukatoka umepakwa unga. Namwomba mpambaji apige picha moja ya fleshi kwa simu yake kabla ya bibi harusi kutoka chumbani, na mara nyingi inatosha kugundua tatizo mapema.

Sasa tuje kwenye kuhariri. Katika picha moja niliyoishughulikia karibuni, paji la uso lilisomeka 247, 226, 214 (nyekundu, kijani, buluu), ilhali shingo, chini kidogo ya kidevu, ilisomeka 151, 106, 84. Shingo ndiyo iliyosema kweli, kwa sababu haikuwa na poda wala haikupigwa na fleshi ana kwa ana. Nilishusha sehemu zenye mwanga mkali katika picha nzima, kisha kwa brashi nikashusha paji na pua peke yake, na bila kuongeza rangi hata kidogo wekundu wa ngozi ulianza kujitokeza wenyewe. Hilo liliwezekana kwa sababu faili lilikuwa la RAW, yaani data ghafi ya kamera, ambalo kwa kamera nyingi huhifadhi ngazi 16,384 kwa kila chaneli, wakati JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ina 256 tu. Sehemu iliyokwisha kufika 255 katika chaneli zote tatu haina kitu cha kurudisha. Ukiishusha utapata kijivu. Doa dogo la namna hiyo unaweza kulipaka rangi iliyochukuliwa shavuni, kwa brashi yenye nguvu ndogo sana, lakini likienea usoni ni afadhali uchague picha nyingine.

Baada ya mwanga ndipo ninaposawazisha rangi. Ufukwe wetu unatazama mashariki, hivyo asubuhi jua hutoka baharini likiwa na mwanga wa umanjano, na alasiri vichochoro vinaingia kwenye kivuli kinachoangaziwa na anga peke yake. Mwanga huo wa kivuli hufika kelvini 7,000 hadi 8,000 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikipanda, ubuluu unazidi), na kamera iliyowekwa kwenye 5,500 itaipa ngozi nyeusi ubuluu unaoifanya ionekane mgonjwa. Kipande cha karatasi ya kijivu kilichopigwa picha mahali palepale hurahisisha kazi nzima.

Sisemi kwamba lawama zote ni za mpiga picha. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke mzungu, zikijulikana kama kadi za Shirley, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Google ilitangaza mfumo wake wa Real Tone mwaka 2021 pamoja na simu ya Pixel 6, ukilenga kuonyesha ngozi nyeusi ipasavyo. Hata leo simu nyingi huwa na kirembesho cha uso kinachong'arisha ngozi bila mtu kuombwa ruhusa. Kizime kabla ya kupiga.

Picha za familia ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa mama anaweza kuwa mweusi tii, bintiye maji ya kunde, na shangazi katikati yao. Anayechagua rangi moja na kuipaka kwa wote amewaharibu wote. Mimi huweka mwanga kwa kuangalia aliye mweupe zaidi asipoteze rangi, kisha namnyanyua kidogo kwa brashi aliye mweusi zaidi mpaka macho na mikunjo ya tabasamu lake ionekane, bila kuugusa weusi wake. Wakiniomba niwang'arishe, nawaeleza kwamba naweza kuwapa mwanga mzuri zaidi, ila rangi yao nitaiacha kama ilivyo, na kabla ya kuchapa nakala kubwa nachapa ndogo, naiweka kando ya mkono wa mwenyewe dirishani, naye analinganisha.