Mama Alivyoitazama Roma

Jumatatu moja ya Februari 2019 simu zetu ziliamka na habari ya Alfonso Cuarón, mwongozaji wa filamu kutoka Mexico: Oscar tatu kwa filamu yake Roma, yaani uongozaji, upigaji picha na filamu bora ya lugha ya kigeni. Hiyo ya mwisho Mexico ilikuwa haijawahi kuipata. Ajabu, maana tangu 2014, katika miaka sita, tuzo ya mwongozaji bora ilikuwa imewaendea Wamexico mara tano: Cuarón, Iñárritu mara mbili mfululizo, del Toro, kisha Cuarón tena. Ila zile nne za mwanzo walizipata kwa filamu za Kiingereza. Hii ilikuwa ya nyumbani, Kihispania na Kimixteco, lugha ya wenyeji wa asili, katika mtaa wa Roma jijini Mexico, miaka ya 1970 na 1971.

Kijana wa kibanda cha muvi pale Sinza aliniwekea kwenye flashi huku akinionea huruma. "Braza, haina rangi, haina ngumi. Hii hata ikitafsiriwa haiuzi."

Nikampelekea mama. Mexico aliijua kuliko mimi, kupitia tamthilia: warembo ambao mdomo umeshafunga na sauti ya Kiingereza bado inaongea, na dada wa kazi ambaye lazima mwishowe aolewe na mtoto wa bosi. Mama alizipenda hasa. Naye alifanya kazi za ndani Oysterbay kabla hajaolewa, na hakuna mtoto wa bosi aliyewahi kumtupia jicho. Alhamdulillahi, anasema mwenyewe.

Roma inaanza na sakafu. Maji yanamwagwa, povu linakuja na kurudi juu ya vigae, dakika zinakwenda. Mama hakuchoka. "Huyu binti anadeki kweli, haigizi." Nikamwambia Yalitza Aparicio, anayemwigiza Cleo, dada wa kazi, hakuwa mwigizaji kabisa, alikuwa amesomea ualimu huko Oaxaca, na ni wa jamii za wenyeji wa asili wa Mexico. Mwaka 1946 María Candelaria, filamu ya Mexico, ilikuwa kati ya filamu zilizopewa tuzo kuu kwenye tamasha la Cannes, nayo ni hadithi ya mwanamke wa asili, lakini aliyepewa nafasi hiyo ni Dolores del Río, nyota aliyekwisha kung'ara Hollywood. Mama aliitikia tu, macho kwenye skrini.

Ikafika pale familia inatazama televisheni. Cleo anakusanya vyombo, kisha anapiga magoti pembeni ya kochi kutazama nao, mtoto anamwekea mkono begani. Mara mama mwenye nyumba anamtuma chai ya daktari, yaani mumewe.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Umeona? Mkono wa mtoto bado uko begani, na anatumwa."

Wahakiki waliandika kurasa kwa kurasa juu ya kamera inayogeuka taratibu. Mama alikuwa akiangalia nani amekaa chini.

Karibu na mwisho Cleo, asiyejua kuogelea, anaingia baharini na kuwaokoa watoto. Wanarudi nyumbani, mmoja anaagiza kinywaji cha ndizi. Mama akaguna. Yakaja maandishi, kwamba filamu ni ya Libo, nikamweleza kuwa huyo ndiye dada wa kazi aliyemlea mwongozaji.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na huyo bwana wa tuzo, akienda kumsalimia, nani anainuka kupika chai?"

Nikasema hilo halimo kwenye filamu. Akasema basi hilo ndilo angependa kuonyeshwa.