Mizani ya alizeti na kenchi zangu za chuma

Ilianza na unga kwenye madaftari. Nilikuwa nasahihisha jioni sebuleni kwangu Nkuhungu, Dodoma, nikaona vumbi jepesi la udongo limetua juu ya kazi za watoto. Nikapangusa. Kesho yake limerudi palepale. Mjomba alipokuja kunitembelea kutoka Mvumi alitazama juu mara moja tu, akaniomba ngazi na bisibisi. Bisibisi ilizama kwenye kenchi, zile mbao zilizoungwa kubeba paa, kama inazama kwenye ugali.

"Mwanangu, hawa walishakula zamani. Sasa wanalamba sahani."

Kilichoniuma ni kwamba mbao zile nilizinunua zikiwa zimetiwa dawa, zimetoka Mafinga. Kosa letu nalijua sasa. Fundi alikata ncha kwa msumeno, na kila ulipopita msumeno, moyo wa mbao ambao dawa haikuufikia ukabaki wazi. Ncha zile zilitakiwa kupakwa dawa upya, na hakuna aliyezipaka. Mchwa wa Dodoma hawahitaji mlango mkubwa. Walijenga kijia chao cha udongo nyuma ya plasta, wakapanda taratibu mpaka juu. Mjomba akakumbushia tembe la babu: miti migumu iliyochaguliwa, na moshi wa jikoni uliopita humo miaka na miaka ukiwafukuza wadudu. Sawa, lakini mimi napikia gesi.

Nikaamua paa lote lishuke, lipande la chuma. Nikasubiri likizo ya Juni, wakati mvua iko mbali, nikahamishia watoto kwa dada yangu Chang'ombe. Mpwa wangu aliyesomea uhandisi alinichorea: nyumba ina mita 9 kwa 11, ukuta wa kati unasaidia kubeba, paa la mgongo wa tembo, kenchi 10. Chini na juu ya kenchi ni skwea paipu, yaani mabomba ya chuma ya mraba, za milimita 50 kwa 50, unene milimita moja na nusu, na miguu ya ndani ni za 40 kwa 40. Akanisisitizia jambo moja: "Ma'mdogo, usiangalie rangi wala maandishi. Angalia unene."

Dukani nikaambiwa paipu zote ni za moja na nusu. Zimeandikwa, si unaona? Nikaona. Nikanunua nne za kuanzia, nikafika nyumbani roho haijatulia, maana kwenye ncha bati lake lilionekana jembamba. Mpwa akanipigia hesabu kwenye simu: paipu ya 50 kwa 50 yenye urefu wa mita 6, ikiwa kweli ina milimita moja na nusu, huwa na uzito wa karibu kilo 13.7. Ikiwa ni milimita 1.2, inashuka hadi kilo 11 hivi. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna jirani anayenunua alizeti, ana mizani ya kuning'iniza magunia. Tukafunga paipu kwa kamba katikati, tukainua. Kilo 11 na kidogo. Tukapima zote nne, hadithi ni ileile.

Mwenye duka alinirudishia pesa bila hata kubishana, na huko kutobishana ndiko kulikonikasirisha zaidi. Duka la pili niliingia nikisema kabisa, "Kaka, napima kwanza." Walicheka, lakini walinipimia. Kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hilo la mizani. Paipu jembamba linapochomelewa linatoboka, fundi anajaza tundu kwa rodi hadi pale panakuwa donge, na chini ya donge hakuna chuma cha maana. Halafu kutu ikianza, haina pa kula pengi kabla haijatokea upande wa pili.

Umeme wangu ulikuwa umekatwa kwa sababu nyaya zilishushwa pamoja na dari, kwa hiyo tulivuta kwa jirani, nikamwekea luku. Fundi alikuwa kijana mtulivu, mwepesi wa mkono. Hakuchomelea juu ya ukuta. Alilaza kenchi ya kwanza uwanjani, akaichapia vipande vya nondo ardhini kuizunguka, ikawa ndiyo kalibu ya zile tisa. Kila kiungo alikishikiza kwa vitone kwanza, akapima pembe, ndipo akafunga mshono mzima, akigeuza upande huu na ule. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo, joto linavuta kenchi inapinda kama upinde.

Tisa zote zilitoka pacha. Tatizo lilikuwa nyumba. Tulipopima kutoka kona hadi kona, ulalo mmoja ulizidi mwingine kwa sentimita 7. Nimeishi miaka yote hiyo ndani ya nyumba iliyokaa mshazari bila kujua! Kenchi za mbao zililifichaficha hilo, fundi anachonga hapa, anabandika kipande pale. Chuma hakibembelezwi. Tulilazimika kukata upya kenchi tatu za upande wa jikoni, siku mbili zikapotea, na fundi aliomba aongezewe. Nilimwongezea nusu ya alichotaka. Kosa halikuwa lake wala langu.

Jambo ambalo karibu tulipuuze ni upepo. Paa la chuma ni jepesi kuliko lile la mbao, na Agosti hapa mnaujua upepo wetu, ule unaozungusha vumbi jekundu na mifuko hadi juu. Fundi alitaka kukalisha kenchi juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, na kuzifunga kwa waya mzito tu. Mpwa alikataa katakata. Tulitoboa lenta, tukaweka bolti zinazojibana ndani ya zege, zikashika sahani za chuma za milimita 6, kenchi zikachomelewa hapo. Vyuma vya mshazari vikaunganisha kenchi na kenchi ili zisilale kama karata.

Kila mshono uligongwa gome, ukasuguliwa, ukapakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Ncha za paipu tuliziba. Bati zilikatwa kwa mkasi, na grainda niliipiga marufuku bati zilipopanda, kwa sababu cheche zake zikitua juu ya bati, mvua ya kwanza tu inaacha madoadoa ya kutu.

Fundi umeme naye nilimsimamia. Ukingo wa chuma ni kisu, unakata ganda la waya, na waya ukigusa kenchi paa zima linakuwa na umeme. Nyaya zote zikapita ndani ya mabomba ya plastiki, na fremu ikaunganishwa na waya wa ardhini. Fimbo yake tuliizamisha nyuma ya jiko maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, kwani udongo mkavu haupitishi umeme vizuri.

Gharama ilizidi ya mbao kwa karibu theluthi. Nililipa kwa mkopo wa chama chetu cha walimu, na bado nakatwa.

Fundi wa dari aliwasili na mzigo wa mbao mbili kwa mbili begani. Nikamsimamisha getini. "Mwalimu, ni za kushikia jipsamu tu, hazibebi kitu." Nikamwambia azirudishe, tutatumia chaneli za bati. Alininung'unikia siku nzima.

Usiku wa kwanza nilisikia paa likigonga, ta, ta, nikashika tochi nikidhani mwizi. Kumbe ni chuma kinapoa baada ya jua la mchana. Urefu wa mita 11 unaweza kujivuta na kujirudi milimita 3 au 4 kwa siku. Watoto wameshazoea.

Mjomba amekuja tena mwezi uliopita. Alitazama juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaomba bisibisi. Akaenda moja kwa moja kwenye fremu ya mlango wa jikoni.